Kimbia kwanza, panda kisha: somo la Geita kwa wana Kabongo

Ku Tanzania, mu mkoa wa Geita, kuko mugodi munene wa dhahabu, Geita Gold Mine, wa kampuni AngloGold Ashanti. Tangu mwaka 2002 mugodi ule unapanga safari ya kupanda mulima Kilimanjaro: wamoja wanapanda kwa miguu mpaka juu, wengine wanauzunguka mulima na kinga. Safari ile inaitwa Kili Challenge. Haiko matembezi ya bure. Kila mwenye kushiriki, ao kampuni inayomutuma, anatafuta falanga, na falanga zile zinaingia mu vita ya kupiganisha UKIMWI. Serikali ya Tanzania iko ndani kupitia TACAIDS, tume yao ya kudhibiti UKIMWI. Kati ya waliosaidiwa kuko watoto yatima wa kituo Moyo wa Huruma, palepale Geita.

Juu ya nini kuongea hii habari Kabongo? Juu wana Kabongo wako wengi mu migodi. Tangu wakati wa Union Minière, wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja kutafuta mikono huku Lomami, wanapeleka vijana Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Mpaka leo, ukiingia mu kambi za wafanyakazi za Lualaba ao Haut-Katanga, hautakosa mutu wa Kabongo. Na mu mikutano ya sendika ulizo hii inarudia: "Sisi pia, hatuwezi kufanya kitu sawa ile, juu ya kwetu?"

Jibu ni ndiyo. Lakini kuko mambo matatu ya kupanga mbele: mwili, falanga na haki. Tuanze na mwili, juu pale njo watu wengi wanadanganyika.

Shindano ya mbio ni masomo

Mutu akisikia "kupanda Kilimanjaro", anafikiri itatosha kuwa na nguvu. Anasema: mimi ninabeba magunia, ninasukuma kinga, miguu yangu ni ya chuma. Ni kweli, nguvu iko. Lakini nguvu ya saa moja na nguvu ya siku sita si moja. Kinachotakiwa ni pumzi ndefu, na pumzi ndefu inajengwa pole pole, juma kwa juma.

Njo sababu wengi wanaojitayarisha kwa safari ya namna hii wanaanza na mashindano ya mbio. Kule Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuko marathoni tangu mwaka 2003, ambayo inakimbiwa kuelekea mwisho wa mwezi wa pili ao mwanzo wa mwezi wa tatu. Iko na kilometa 42, na 21, na 5 kwa watu wa kawaida. Ile ya kilometa 21 inapanda upande wa Mweka, kisha inashuka kurudi muji. Mutu akiimaliza ile, mapaja yake yamekwisha kujifunza kupanda na kushuka ni nini.

Faida ya shindano kuliko kukimbia peke yako ni gani? Ya kwanza, tarehe. Mutu ambaye hana tarehe atasema "nitaanza kesho" mpaka mwaka unaisha. Akijiandikisha kwa kilometa 10, ile siku inamungojea, na wenzake wanajua. Ya pili, mwendo. Mu shindano kila mutu anaondoka mbio juu ya watu wanaotazama, na kisha kilometa tatu wengi wamekwisha. Ukifanya mashindano mawili, matatu, unajifunza kuachia wenye haraka waende. Mulima unataka akili ileile. Ya tatu, vitu vidogo: viatu gani vinakata vidole, chakula gani kinasumbua tumbo, mayi ya kunywa kiasi gani. Afazali ujue haya karibu na nyumba kuliko siku ya ine ya safari, mbali na lopitali.

Tena shindano linafundisha kumaliza. Mwaka 1968, mu Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Mutanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani mu marathoni, akaumia goti. Mushindi, Mamo Wolde wa Etiopia, alifika kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika kisha saa 3 na dakika 25, goti limefungwa kitambaa, watazamaji wengi wamekwisha kwenda. Watu 75 walianza, 57 walimaliza. Yeye alikuwa wa mwisho kati ya wale 57, lakini alimaliza. Tukumbuke pia: muji wa Mexico uko mu mita 2,240 juu ya bahari. Hewa ya kule ilikamata wakimbiaji wengi ambao miguu yao ilikuwa muzuri sana.

Mulima hauangalie medali

Hapa sasa njo penye hatari. Kukimbia kunajenga moyo na miguu, lakini hakukingi mutu na ugonjwa wa mulima. Kilimanjaro iko na mita 5,895. Kule juu, hewa unayovuta inakupatia karibu nusu tu ya oksijeni unayopata kando ya bahari. Kamina iko karibu mita 1,100. Mutu wa kwetu akifika mu kambi ya Kibo, mita 4,700, amepita mara ine urefu wa nyumbani kwake.

Dalili zinaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula. Hizi zinataka kupumzika, na kutopanda zaidi mpaka zinaisha. Lakini mutu akianza kuyumba sawa mulevi, akachanganyikiwa, ao akakosa pumzi hata wakati ameketi, hapana kungojea asubuyi. Dawa ni moja: kumushusha chini mara moja, hata kama ni usiku, hata kama amebakiza kidogo tu kufika.

Ajabu ni hii: mara nyingi wanaoanguka ni vijana wenye mbio. Pumzi yao inawaruhusu kupanda haraka, na damu yao haijapata siku za kuzoea hewa. Muzee anayekwenda pole pole anawapita kesho yake. Njo sababu waongozi wa kule wanaimba "pole pole" tangu mulango wa mulima mpaka kilele, na njo sababu njia ya siku saba ni afazali kuliko ya siku tano, hata kama bei inapanda.

Mwili wa mutu wa mugodi

Kuko pia jambo letu sisi wafanyakazi. Mutu wa mugodi anapumua vumbi. Vumbi ya mawe iko na silika, na silika inaharibu mapafu pole pole, bila kelele, miaka kumi, miaka makumi mawili. Mutu anajisikia muzima, lakini pumzi yake imepunguka. Kwa hiyo, mbele ya kuanza kukimbia, mutu wa mugodi aende kwa munganga. Asikilizwe mapafu na moyo, apimwe damu na tansio, na kama amefanya miaka mingi chini ya udongo, aombe picha ya kifua. Si wema wa patro: kupima afya ya mufanyakazi na kumutunza yeye na jamaa yake ni mambo yanayoandikwa mu Sheria ya Kazi ya mwaka 2002. Delege wa sendika aidai.

Kisha kuko usingizi. Mufanyakazi anayefanya masaa kumi na mbili, juma moja muchana na juma lingine usiku, hawezi kufuata mazoezi ya mutu wa ofisi. Akitoka kazi ya usiku, alale mbele, mazoezi baadaye. Siku tatu za kukimbia kwa juma zinatosha. Na mutu mwenye homa asikimbie hata kidogo: malaria na kilometa 10 havitembei pamoja.

Chakula? Hapana kutafuta vya duka. Bukari, maharagwe, kalanga, sombe, samaki ya Lualaba, bilazi: vyote hivi vinapatikana Kabongo na vinatosha. Wakati wa jua kali, mutu akitoka jasho nyingi ao akiharisha, aweke mu litre moja ya mayi safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita kiasi. Wamama wetu wanajua dawa hii tangu zamani juu ya watoto.

Nani anabeba muzigo?

Mutu wa sendika hawezi kuongea Kilimanjaro bila kuongea wapagazi. Kila mupandaji anayepiga picha juu na bendera iko na watu watatu ao zaidi nyuma yake, wanaobeba hema, chakula, sufuria na mufuko wake. Sheria ya mbuga ile inaweka kikomo: muzigo wa mupagazi usipite kilo 20, na ku mulango kuko mizani. Tangu mwaka 2003 kuko shirika moja, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo linafuata kama kampuni za safari zinawalipa wapagazi vile inapaswa, zinawapa chakula cha kutosha na mahali pa kulala.

Itakuwa haya kubwa kukusanya falanga za wagonjwa juu ya mugongo wa mutu anayelala na njaa. Kwa hiyo, kikundi chochote cha wafanyakazi kinachotaka kupanda kiulize kampuni ya safari maulizo matatu mbele ya kulipa: mupagazi analipwa kiasi gani kwa siku? Anakula mara ngapi? Anavaa nini usiku wa baridi? Kampuni inayokasirika juu ya maulizo haya, waiache.

Falanga ya nani, deni ya nani?

Tuseme wazi: kuko watu wanaosema kwamba safari hizi ni sabuni ya kampuni. Kampuni inachafua mayi, kisha inapanda mulima na tishati nyeupe, na gazeti linapiga picha. Neno hili haliko la kudharau. Wema haufute deni.

Mu inchi yetu deni imeandikwa. Sheria ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo ambamo madini yanatoka, na asilimia 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kampuni inapaswa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaoguswa na mugodi. Hii si zawadi. Mutu akikimbia kilometa 21 kwa kujenga masomo ambayo asilimia 0.3 ilipaswa kujenga, amemukimbilia patro.

Lakini angalia tena hesabu ile, kwa macho ya mutu wa Kabongo. Ile asilimia 15 inabaki mahali pa mugodi. Ile 0.3 pia. Kabongo inatoa mikono, vijana wanakwenda Lualaba wanatoa jasho lao, lakini sheria haimuone mama aliyebaki mugini. Jimbo la Haut-Lomami halina migodi mikubwa sawa ya majirani. Kwa hiyo Kabongo haina nani wa kudai mu hesabu ile, isipokuwa watoto wake wenyewe. Hapa njo safari ya kukusanya falanga inapata maana. Haikamate nafasi ya deni. Inafika mahali ambapo deni haifike.

Na kazi iko. Mwaka 2017 mulipuko wa polio ulitangazwa Haut-Lomami pamoja na Maniema. Ilikuwa virusi vya namna ile inayotokana na chanjo yenyewe, ambavyo vinapata nguvu ya kutembea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Maana yake ni rahisi: penye chanjo inafikia kila mutoto, virusi hivi havina njia. Na chanjo haifike yenyewe. Inataka sanduku la baridi, inataka mutu wa kulibeba, inataka pikipiki ao kinga, inataka njia ambayo haikatike na mvua. Vilevile mama mwenye mimba aliye mbali na lopitali: mara nyingi anafika juu ya kinga, amefungwa nyuma sawa gunia, ao hafike.

Njia yetu ni Kabongo–Kamina

Sasa tuseme bei. Kupanda Kilimanjaro kunapita dola 1,000 kwa mutu mumoja, mbele ya kuhesabu ndege. Watu kumi wakienda, zaidi ya dola 10,000 zimeishia mu tiketi, mu mbuga na mu hema. Kama wakirudi na dola 8,000 za lopitali, nani alisaidiwa? Kampuni kubwa sawa ile ya Geita inaweza kujilipia. Sisi wafanyakazi tutafute mulima wetu.

Na tuko nao. Kutoka Kabongo mpaka Kamina ni karibu kilometa 200. Njia ile kila mutu wa hapa anaijua: muchanga, daraja za miti, wasukuma-kinga wenye magunia ya mahindi na bidoni za mafuta, wanaolala njiani usiku tatu, ine. Kutembea njia ile kwa siku nane, kilometa 25 kwa siku, ni safari ambayo haina haja ya pasipoti. Kila mufanyakazi aliye Kolwezi, Fungurume ao Likasi anaweza kuomba wenzake wamuahidie falanga kidogo kwa kila kilometa. Falanga 500 za Kongo mara kilometa 200 ni falanga 100,000. Watu makumi tano wakimuahidia hivyo, hesabu inafika falanga 5,000,000, na hakuna aliyefilisika.

Matayarisho yafuate kalenda ambayo kila mutu anaijua. Mwezi wa tatu: kwenda kwa munganga, kisha kuanza. Siku tatu kwa juma, dakika makumi tatu, kukimbia dakika mbili, kutembea dakika moja, na mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako bila kukatika. Tarehe 1 mwezi wa tano, siku ya wafanyakazi: kilometa 5, wote pamoja, mu muji. Tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru: kilometa 10. Tarehe 1 mwezi wa munane, siku ya wazazi: kilometa 21. Kati ya siku hizi, kila juma ongeza kidogo tu, karibu sehemu moja juu ya kumi ya kilometa za juma lililopita, na kila juma la ine punguza, mwili upumzike.

Kisha ile ya 21, achia mbio. Juma mbili za kutembea, posho na siku ya Mungu zikifuatana, na mufuko wa kilo tano ao sita mugongoni. Ni ile siku ya pili, wakati miguu inauma bado, inayomufundisha mutu safari. Kisha, mwisho wa mwezi wa munane, wakati wa kiangazi na mbele ya masomo kufunguka, watu waondoke.

Wamama wasiachwe nyuma. Mwanamuke anayekwenda kisimani mara tatu kwa siku na bidoni ya litre 20 juu ya kichwa iko na pumzi kuliko wengi wetu. Anachokosa ni nafasi. Kama mume wake na watoto wake hawakamate kazi ya nyumba asubuyi tatu kwa juma, atabaki kutazama mashindano kando ya njia.

Falanga zishikwe na nani? Si na mutu mumoja, na si na mukubwa. Kamiti ya watu watano: mumoja wa sendika, munganga-mufalme mumoja wa zone ya afya, mwalimu mumoja, mama mumoja wa soko, mumoja wa kanisa. Sahihi tatu kwa kutosha falanga yoyote. Na karatasi ya hesabu ibandikwe mahali patatu: ku lopitali, ku soko na ku gare. Iandikwe kiasi gani kiliingia, nani alitoa, kilinunua nini, bei gani, nini kimebakia. Watu wa Kabongo wameona makamiti mengi. Hawatapinga kutoa, wanapinga kutojua.

Kitu cha kununua kwa mwaka wa kwanza kiwe kimoja na kionekane: masanduku ya baridi ya chanjo na kinga za kuyabeba, ao kinga tatu zenye machela ya kupeleka wamama wenye mimba. Zone ya afya iseme yenyewe kipi kinakosekana zaidi, na wapi. Wakimbiaji wasiichagulie.

Na wale wanaotaka bado Kilimanjaro, wasikatazwe. Kuko hata karibu zaidi: Margherita mu Ruwenzori, mita 5,109, mu mupaka wetu na Uganda, kilele kirefu kuliko vyote vya Kongo. Lakini watembee mbele mpaka Kamina. Mutu aliyemaliza siku nane za muchanga, na jina lake liko ku karatasi ya hesabu mu soko la kwao, atajua mwenyewe kama miguu yake inataka mulima.

Sendika ziko na mikutano mbele ya tarehe 1 mwezi wa tano. Wana Kabongo walio mu kila mugodi waandike jambo hili mu oridinamuambo ya mukutano, wachague mutu wa kuandika majina, na wapeleke kopi moja ku zone ya afya ya Kabongo. Majina makumi mbili yanatosha kwa kuanza.